Mguu wa Kulia wa Bibi Cresensia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Germana alimwosha bibi yake miguu. Bibi Cresensia alikuwa na moyo unaorukaruka, akiinama anaona kizunguzungu. Germana alisugua kidole kimoja kimoja, kisha akapaka samli.

"Polepole, mjukuu wangu," Bibi alimtania. "Huo ni mguu, si sufuria."

Asubuhi moja ya mwaka 1984, ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka kijijini Qurus, ukaingia hata chumbani. Kengele ya kanisa ililia saa kumi na mbili. Germana alishika mguu wa kushoto. Ulikuwa na joto. Alishika wa kulia, akauachia. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na umepauka kama majivu.

"Nani ameshika mguu wangu?" Bibi aliuliza taratibu. "Mwambie aniachie."

Chumbani hapakuwa na mtu mwingine.

Germana alidhani anamjua aliyeushika. Jana yake, foleni ya bomba ilipokuwa ndefu, alichota maji katika chemchemi ya bondeni, tena saa sita mchana. Wazee walisema saa hiyo netlangw, pepo wa maji, huoga pale, na ukimsumbua hufuata ndoo yako mpaka nyumbani. Germana alisema nyumbani kwamba maji ni ya bomba. Bibi akayanywa.

Akaufunika mguu kwa blanketi. Baba yake, Hhando, alipouliza hali ya mgonjwa, alijibu, "Amelala." Hakwenda shule, alisema tumbo linamuuma. Kila mara aliingiza mkono chini ya blanketi. Ubaridi ulikuwa umefika kwenye kifundo. Baadaye ulifika katikati ya muundi. Ulikuwa unapanda kama mtu anayepanda ngazi bila viatu.

Saa tatu Bibi alilia kwa maumivu. Hhando alikuja mbio pamoja na jirani yao, Mzee Josephati, aliyeugusa mguu na kurudisha mkono haraka.

"Huyu ni wa chemchemi," alisema. "Nani alichota mchana?"

"Mimi," Germana alisema. "Jana. Ndipo alipomshika."

"Basi atafutwe kondoo mweusi."

"Kondoo atangoja, mzee," Hhando alisema. "Trekta halingoji."

Miaka ile petroli na dizeli vilikuwa vya kibali, na kijiji kizima kilikuwa na trekta moja. Walimlaza Bibi ndani ya trela lake kumpeleka hospitali, Germana kando yake. Trekta lilikwenda polepole mno. Barabarani walikutana na Landrova ya watalii iliyokuwa ikishuka kutoka kreta ya Ngorongoro. Hhando aliruka chini, akasimama mbele yake na kuinua mikono. Gari lilipunguza mwendo, mtu mmoja akapiga picha, likamzunguka na kwenda zake. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Waliokuwamo katika trela wanakikumbuka kiti kile mpaka leo.

"Kwa simba wangesimama," Mzee Josephati alisema.

Walifika hospitali saa tano kasoro dakika chache. Daktari Clemensi alitafuta mapigo ya damu mguuni, hakuyapata.

"Ulianza lini?"

"Jana mchana," Hhando alijibu. Ndivyo alivyoambiwa.

Daktari alivua miwani. "Kama ni tangu jana, nyama imekwisha kufa. Itabidi tuukate leo." Akamgeukia muuguzi. "Evarista, tayarisha vyombo."

Germana alisikia vyuma vikigongana chumba cha pili. Jana jioni aliipaka tena miguu ile samli, na yote miwili ilikuwa na joto. Lakini akisema hivyo, baba atajua kwamba alikaa saa tatu nzima akiutazama mguu ukifa.

"Si jana," alisema. "Jana jioni Bibi alimpiga kuku teke kwa mguu huohuo. Ni leo, kengele ya saa kumi na mbili. Niliona, nikanyamaza."

Daktari alitazama saa yake.

"Basi bado tuna nafasi ndogo. Donge la damu limetoka kwenye moyo, likaziba mshipa. Tulivute."

Bibi alichomwa sindano ya ganzi, akabaki macho. Aliomba Germana amshike mkono, naye Evarista akamvalisha barakoa. Daktari alichana kidogo kwenye kinena, akapenyeza ndani ya mshipa mrija mwembamba kuliko kalamu. Mrija uliteremka mguuni, ukapita donge. Hapo akajaza puto dogo la mpira lililokuwa kwenye ncha yake, akauvuta nje taratibu. Kikatoka kitu cheusi, kirefu kama kidole, kinachoteleza kama ruba.

"Ndiye huyo?" Bibi aliuliza.

"Ndiye huyu. Damu iliyoganda."

Kidogo kidogo wekundu ulishuka mpaka kwenye unyayo.

"Ameniachia," Bibi alisema, akafumba macho.

Nje, Evarista alimkalisha Germana kwenye benchi, akasikia habari yote ya chemchemi. "Maji ya chemchemi myachemshe, yasije yakawaharisha. Lakini hayakumgandisha bibi yako damu. Kilichokaribia kumkata mguu ni kunyamaza kwako, kisha kusema jambo ulilolidhani badala ya lile uliloliona. Kuogopa si kosa. Ila mgonjwa akibadilika, sema saa ileile, na useme ulichokiona kwa macho yako, hata kama kinakuaibisha. Leo umesema, ndiyo maana mguu upo."

Asubuhi ya kwanza baada ya Bibi kurudi Qurus, ukungu ulikuwa palepale mlangoni. Hhando alisimama nje na jembe begani, hakwenda shambani mpaka asikie. Kutoka chumbani Germana alipaza sauti, na ndivyo alivyofanya kila asubuhi tangu siku hiyo:

"Wa kushoto, joto. Wa kulia, joto."