Mama Viti Anunua Lori

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Mama Viti, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukodisha viti. Iwe harusi, iwe msiba, iwe mkutano wa wazazi shuleni, popote watu walipokusanyika walikalia viti vyake. Vilikuwa viti vyeupe vya plastiki. Nyuma ya kila kimoja palikuwa na alama nyekundu, aliyoipaka marehemu mumewe kwa mkono wake.

Viti vilikaa nyumbani. Chumba cha mbele kilijaa viti vilivyopandana mpaka karibu na dari. Ukitaka kupita, unapita kwa ubavu. Na katika viti vyote hivyo, jioni kilikaliwa kimoja tu.

Mumewe alikuwa amefariki mwaka juzi. Mwanawe wa pekee alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika mji wa mbali. Alimpenda mama yake, hilo sibishi, lakini simu zake zilikuwa za mbiombio. "Mama, hujambo? Mimi mzima. Niko kazini, nitakupigia." Halafu kimya, wiki zinapita.

Upande wa pili wa ukuta alipanga binti mmoja, karani wa benki. Mama Viti alisikia redio yake. Alimsikia akiosha vyombo, alimsikia akikohoa. Lakini wakikutana mlangoni walipungiana mkono tu, basi. Kila mmoja alidhani mwenzake hataki kusumbuliwa. Binadamu tuna vituko!

Sasa, shida ya Mama Viti ilikuwa usafiri. Kila alipopata kazi alikodi lori la mtu mmoja mwenye maneno mengi. "Nimeshafika kona, mama!" Kumbe hata shati hajavaa. Siku moja viti vilifika msibani watu wakiwa wanarudi kutoka makaburini. Wazee walikuwa wamekaa chini, kwenye vumbi. Mwenye msiba hakumgombeza, alimtazama tu. Mama Viti alirudi nyumbani akalia kwa aibu.

"Lazima nipate lori langu," alisema peke yake.

Pesa zilikuwepo benki. Yeye na mumewe waliziweka kidogo kidogo kwa miaka mingi, kwa ajili ya lori hilohilo. Mumewe alikuwa akimwambia, "Tukilipata, wewe utakaa mbele kama bibi harusi, mimi nitaendesha." Pesa hizo zikipotea, hakuna nyingine. Nguvu za kuanza upya hakuwa nazo.

Akaanza kutafuta kwenye simu. Akaona picha ya lori dogo la bluu, safi, na bei yake nafuu kuliko mengine yote. Akapiga namba iliyoandikwa. Akapokea kijana mwenye sauti laini.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba, mwanangu. Naulizia lile lori."

"Lipo, mama. Tena ukilichukua wewe nitafurahi. Sauti yako kama ya marehemu mama yangu."

Siku ya pili, jioni, kijana akapiga mwenyewe.

"Mama, sikupigii kwa ajili ya lori. Nilitaka kujua tu kama umekula."

Mama Viti akaibana simu sikioni. Tangu mumewe afariki, hakuna mtu aliyemwuliza swali hilo. Siku hiyo alikuwa amekunywa chai kavu, akasema imetosha.

"Nimekula, mwanangu," alidanganya. Simu ilipokatika akainuka, akapika.

Ikawa kawaida. Jioni ikiingia simu inalia. Mama Viti alichukua kiti chake akakaa karibu na dirisha, mahali penye mtandao mzuri, akasubiri. Kijana aliuliza habari za mgongo wake uliokuwa ukimwuma. Aliuliza kazi imekwendaje. Na wewe msomaji usimcheke. Mtu aliyekaa kimya siku nzima, sauti moja tu inamtosha kujaza nyumba.

Halafu siku moja kijana akaja na jambo.

"Mama, nimepata kazi nje, nasafiri. Kuna tajiri anataka lile lori, nimemkatalia. Nimemwambia hilo ni la mama yangu. Kesho nenda benki, toa pesa zote, taslimu. Dalali wangu atakusubiri kituo cha mabasi. Ukimpa tu, lori linaletwa mpaka mlangoni."

"Nisilione kwanza?"

"Mama! Picha si umeziona?" Sauti ikajaa huzuni. "Au unaniona mwizi?"

"Hapana, mwanangu. Usikasirike."

"Basi usimwambie mtu, watu wana kijicho. Na benki usiseme ni za lori. Watakukata ada bure."

Asubuhi Mama Viti alivaa nguo yake nzuri. Akakunja mfuko mkubwa, akautia kwapani, akaenda benki. Zamu yake ilipofika, nani yuko dirishani? Yule karani, jirani yake.

"Mama Viti! Karibu. Leo umetukumbuka."

"Nataka kutoa pesa."

"Kiasi gani?"

"Zote."

Karani akainua macho. "Zote, mama? Kuna usalama?"

"Pesa si zangu?" Mama Viti alijibu kwa ukali. "Nipe niende."

Karani hakukasirika. Alimwita mwenzake amshikie dirisha, akatoka, akamshika mkono mama wa watu mpaka kwenye chumba kidogo cha pembeni. Akamvutia kiti.

"Kaa kwanza, mama."

Miaka yote yeye ndiye aliyewapa watu viti. Hakukumbuka ni lini mtu alimvutia yeye kiti. Akakaa. Na alipokaa tu yakamtoka yote: lori la bluu, dalali, kituo cha mabasi, na simu za jioni.

Karani alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nikuulize. Mtu usiyemjua akipiga simu anataka viti, unampakilia tu?"

"Thubutu! Naenda kwanza kupaona mahali. Namwona mwenye shughuli kwa macho yangu. Tunahesabu vikitoka, tunahesabu vikirudi."

"Kumbe! Kiti cha plastiki unakilinda hivyo. Lori la jasho lenu lote unalinunua kwa picha?"

Mama Viti akaukunjua mfuko wake, akaukunja tena.

"Lakini yule kijana ana roho nzuri," akasema taratibu. "Kila jioni ananiuliza kama nimekula."

Karani akatazama mikono yake mwenyewe. "Basi tusimhukumu. Mpigie. Mwambie unataka kuliona lori, na fundi wako aliangalie. Mwambie alete kadi ya gari, ile yenye jina la mwenye gari, tukaihakikishe kwenye ofisi inayosajili magari. Halafu malipo yatapita hapa benki. Yatatoka akaunti yako, yataingia akaunti yenye jina lilelile la kwenye kadi, nyote wawili mkiwepo. Muuzaji wa kweli atafurahi. Hata yeye hapendi kutembea na mfuko wa pesa njiani."

Mama Viti akapiga.

"Umeshazitoa?" kijana aliuliza. Leo hakuna shikamoo, hakuna umekula.

Mama Viti akamweleza yote kama alivyofundishwa.

"Nani amekutia maneno hayo?" Sauti laini haikuwepo tena. "Unanipotezea muda, wewe bibi kizee!"

Simu ikakatika. Mama Viti akapiga tena. Haipatikani. Akapiga mara nyingine. Haipatikani.

"Labda mtandao," alisema.

Karani akatikisa kichwa. Mama Viti akaiweka simu mezani. Machozi yakaanza kumtiririka, akayaacha.

"Pesa zangu zipo, namshukuru Mungu," alisema. "Lakini leo jioni nani ataniuliza kama nimekula?"

"Ndivyo wanavyofanya, mama," karani alisema kwa sauti ya chini. "Wanatafuta mtu anayekaa peke yake. Wanampigia mpaka awazoee. Ukishawazoea, kuwakatalia unaona haya. Mtu akikwambia ufanye haraka, akikwambia usimwambie mtu, hapohapo ujue kuna jambo."

Mchana huo walipeleka namba ya yule kijana kituo cha polisi, asije akampata mwingine. Jioni Mama Viti akakaa karibu na dirisha kama kawaida. Mazoea yana taabu. Giza likaingia na simu haikulia. Usiku ule hakupika.

Lakini alikuwa mwanamke wa kazi, na kazi haingoji mtu apone moyo. Wiki chache baadaye akasikia kuwa mwenye duka la saruji anauza lori lake dogo. Halikuwa la bluu. Lilikuwa la kijivu, mlango mmoja umebonyea. Mama Viti akaenda kuliona mwenyewe pamoja na fundi wa magari. Fundi akaingia chini ya lori, miguu tu ikabaki nje. Alipotoka alikuwa na grisi mpaka puani.

"Injini nzima, mama. Ila breki za nyuma zimekwisha. Mwambie apunguze bei."

Mwenye duka alinung'unika, akapunguza, shingo upande.

Kisha wakaenda ofisi ya usajili wa magari. Jina la kwenye kadi lilikuwa la mwenye duka kweli. Karani alikuwa amemwambia Mama Viti aulize jambo moja zaidi, naye akauliza: je, lori hili lina mkopo?

"Hapana, mama," alisema mhudumu wa ofisi. "Halidaiwi."

"Kwa nini niulize hilo?" Mama Viti alikuwa amemwambia karani siku alipofundishwa swali hilo. "Deni si la mwenye duka?"

"Deni ni lake, lakini gari ndilo dhamana. Unaweza kulinunua, ukalipa kila kitu, halafu aliyemkopesha akaja kulichukua mlangoni kwako."

"Na kama pesa zangu zingepungua, je? Nikope?"

"Unaweza. Lakini uliza kwanza kila mwezi utalipa kiasi gani, na mpaka mwisho utakuwa umerudisha kiasi gani. Uliza ukichelewa utafanywaje. Wasipokujibu ukaelewa, usitie sahihi. Rudi nyumbani ukalale."

Siku ya malipo walikutana benki. Mkataba uliandikwa, ukasomwa kwa sauti, na kila mmoja alikuja na shahidi wake. Pesa zikahama kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Mama Viti hakugusa hata noti moja. Mwenye duka alipothibitisha kuwa zimeingia, akatia sahihi, akamkabidhi ufunguo na kadi. Karani akampa risiti.

"Hii na mkataba viweke pamoja, mama. Leo hiihii mwende mkabadilishe jina kwenye kadi. Na bima ukate kabla gurudumu halijazunguka."

"Ndiyo hivyo tu?" Mama Viti aliuliza.

"Ndiyo hivyo tu."

"Mbona rahisi? Mimi nilidhani kununua gari lazima tumbo liume!"

Wote wakacheka, hata mwenye duka.

Kazi ya kwanza ya lori ilikuwa msiba. Mama Viti alimwajiri dereva mmoja, mtu mzima wa maneno machache. Wakapakia viti mapema. Mama Viti akapanda mbele, mahali alipoahidiwa. Akageuka kumtazama aliyeshika usukani. Hakuwa mumewe. Akageukia dirishani, akafuta macho kwa upindo wa nguo.

Walifika kabla ya watu. Wakapanga viti kivulini, mstari kwa mstari. Mzee wa kwanza alipofika alikaa, akaegemea, akashusha pumzi. "Mungu akubariki, mama," alisema. Siku hiyo hakuna aliyekaa kwenye vumbi.

Jioni lori likaegeshwa nje ya nyumba. Viti vikarudi ndani, vikapandana mpaka karibu na dari. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya, maana karani alikuwa hajarudi kutoka kazini. Siku hizi walikuwa wakitembeleana, lakini si kila siku. Mama Viti akachukua kiti chake akakaa karibu na dirisha. Ilikuwa saa ya ile simu. Akaitazama simu yake, nayo haikusema kitu.

Halafu akafikiri, kwani kidole mimi sina? Akampigia mwanawe.

"Mama?" Sauti ilijaa hofu. "Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimenunua lori, nitakueleza. Nilitaka kujua tu kama umekula."

"Bado, mama," mwanawe alisema, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mtoto. "Huku nikirudi kutoka kazini nakuta chumba kina giza. Hata kuwasha jiko naona uvivu. Nikikupigia nakata haraka nisije nikalia." Akapenga kamasi. "Na wewe, je? Umekula?"

Mama Viti akatazama jiko lake. Lilikuwa baridi tangu asubuhi. Safari hii hakudanganya.

"Bado, mwanangu," alisema. "Usikate simu. Washa jiko lako, na mimi niwashe langu."