Nani Amepima Kiwanja?

Kila asubuhi Bénédicte alishuka kutoka mtaa wa Songo na ndoo ya maji kichwani, maana darasa la sita ndilo lililonyunyizia kiwanja cha shule kabla ya kukifagia. Wiki ile walifagia huku wakikariri. Shule ilikuwa inatimiza miaka sitini, na Directeur Félicien, mkuu wa shule, alikuwa amepata daftari kuukuu lenye mambo ambayo wanafunzi wa zamani walitakiwa kuyajua: siku za kila mwezi, namna ya kuchemsha maji ya kunywa, vipimo vya kiwanja chao. Siku ya sherehe mwanafunzi mmoja angejibu mbele ya wazazi. Bénédicte alikuwa wa kwanza darasani, kwa hiyo nafasi ilikuwa yake, na aliitaka kwa moyo wote.

Shida ilikuwa jibu la kiwanja. Daftari lilisema urefu wake kuelekea ziwani ni mita themanini. Lakini ziwa lilikuwa limepanda, likameza mipera yote ya upande wa chini, na halikurudi nyuma. Alhamisi, baada ya masomo, Bénédicte na rafiki yake Chérie waliazima kamba ya wavu, wakaipiga fundo kila mita, wakapima. Walipata sitini na moja. Wakarudia, wakapata hiyo hiyo.

"Directeur, themanini si kweli," Bénédicte alisema kesho yake.

"Nani alikutuma kupima?"

"Hapana mutu. Nilipima minye na Chérie."

Directeur hakuwa mtu mbaya, ila hofu ilikuwa imemkaba. Aliamini wakubwa wa elimu wakisikia kiwanja kimepungua, wataifunga shule na kuwatawanya watoto.

"Weye utasema ile iko mu daftari," alisema. "Kama hutaki, Chérie atajibu pahali pako."

Bénédicte alikasirika hadi masikio yakamwaka moto. Mwaka mzima wa kusoma kwa bidii, halafu nafasi yake inunuliwe kwa uongo! Alikwenda nyumbani bila kuaga mtu.

Jumamosi wazazi walijaa uwanjani. Muulizaji alikuwa Mama Léocadie, mkunga mstaafu, ambaye alikuwa katika kundi la kwanza kumaliza pale. Alishika daftari akauliza siku za mwezi wa pili, akauliza maji yachemshwe vipi. Bénédicte alijibu bila kukwama.

"Urefu wa kiwanja?"

"Mita sitini na moja."

Directeur alikohoa. Mama Léocadie alivaa miwani yake vizuri. "Daftari inasema themanini."

"Daftari haijapima tangu maji ipande, Mama."

Watu waliguna. Wengine walisema mtoto huyu hana adabu. Directeur akasimama. "Mama, utusamehe, huyu mutoto iko na kichwa nguvu. Chérie, jibu weye."

Chérie alisimama akitazama vidole vya miguu yake. "Sitini na moja," alisema polepole. "Minye nilishika kamba."

Mama Léocadie alilifunga daftari. "Na upana?"

"Arobaini," Bénédicte alijibu upesi, bado amekunja uso.

"Uliupima?"

Aibu ilimpanda Bénédicte, lakini hakuinamisha kichwa. "Hapana, Mama. Nilisoma mu daftari."

Uwanja mzima ulicheka, naye Mama Léocadie akangoja watulie.

"Sisi hatukuambiwa tujue themanini," alisema. "Tuliambiwa tujue kupima. Kila mwaka darasa la sita ilichukua kamba, na mwalimu aliandika ile tulipata. Kisha watu wakaacha kamba, wakabaki na namba." Akamgeukia Directeur. "Mwanangu Félicien, woga wako ninaujua. Lakini utaomba ukuta wa mawe wa kuzuia ziwa namna gani, kama umeandika maji haikukula kitu?"

Directeur alivua koti lake la sherehe, akaenda mwenyewe kushika ncha ya kamba ya mafundo ambayo Chérie alikuwa ameileta. Urefu ulitoka sitini na moja. Upana ulitoka thelathini na nane, maana senyenge ya jirani ilikuwa imesogea, na jirani mwenyewe, aliyekaa mstari wa mbele, alianza kutafuta kofia yake. Directeur aliandika vipimo vyote viwili katika barua ya kuomba ukuta, na wazazi wakatia sahihi papo hapo.

Mama Léocadie alimwita Bénédicte kando.

"Ulifanya vizuri kukataa," alimwambia. "Lakini ulikataa namba ile ilikuchoma macho tu. Ile ya pili ulikubali, sababu haikukusumbua. Mutu wa kweli anapima na ile haimusumbui."

"Ndiyo, Mama," alisema Bénédicte, akaenda kukagua mafundo ya kamba, moja baada ya jingine.