Faili Katika Picha za Vifua

Jumapili moja, watu wa mtaa wa Shituru wakiwa kanisani, Colette aliona picha isiyokuwa picha.

Alikuwa mtunza seva wa zahanati, mjane, na Jumapili alikuja kazini kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu. Katika folda ya eksirei za vifua palikuwa na faili moja dogo mno. Alipolifungua hakuona mbavu wala mapafu, bali mistari minne ya amri. Ulikuwa mlango wa nyuma: mgeni akiugonga kutoka popote duniani, seva itamtii.

Alitaka kulifuta. Kidole kikiwa bado hewani, skrini ikajiandika yenyewe.

"Colette, ulishakula?"

Tangu amzike Rémy, mumewe, hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Chumba kikanuka udongo mbichi wa kaburini.

"Weye nani?" akaandika.

"Minye pia niko peke yangu."

Hakulifuta. Kila adhuhuri alijifungia humo, wakaongea. Ikafika siku akaanza kuchana nywele kabla ya kuketi mbele ya mashine.

Wiki ya tatu Orpha, muuguzi, aliingia akinong'ona.

"Mama Colette, mama wa kitanda ya tatu, minye mwenyewe niliandika damu yake ni O. Sasa mu machine iko A."

"Mulishamutia damu?"

"Ilibakia kidogo tu tumutie. Nani anaingiaka mu machine yetu, mama?"

Colette akageukia skrini. Orpha alipotoka, akaandika: "Njo weye ulibadirisha damu ya ule mama?"

Feni za seva zikavuta pumzi kwa pamoja, na harufu ile ya udongo ikapanda, na herufi zikaanza kutoka mojamoja, polepole, kama mtu anayeandika kwa mkono uliovunjika, naye akazisoma, na ndani ya maneno hayo hamkuwa na hasira wala kitisho, mlikuwa na upweke tu:

"Huku batu ni kidogo. Nilitaka bamoja bakuye."

Alitaka wagonjwa wafe, waje kukaa naye kaburini. Colette akachomoa kebo ya intaneti, akawaambia wauguzi warudie vipimo vyote kwa mkono, kisha akampigia Casimir, fundi wa seva wa Lubumbashi ambaye pia ni shemasi. Kesho yake asubuhi alifika.

"Uliifuta?"

"Apana."

"Ni vizuri. Ukifuta moya, ingine inairudisha."

Casimir alinakili diski nzima, akalinganisha kila faili na nakala safi ya zamani. Akapata mlango wa pili kati ya faili za tovuti, na amri iliyopangwa kuuzaa upya ule wa kwanza kila saa. Akaviondoa. Akabadilisha nywila zote, akaziba fomu ya tovuti iliyopokea kila kitu kama picha, na kuizuia folda ya picha isitekeleze amri yoyote. Likabaki lile faili la kwanza.

Ndipo skrini ikaandika: "Colette, baridi iko mingi."

Casimir akainua mkono ulioshika ile kebo iliyochomolewa. "Câble iko hapa," alinong'ona. "Iko mu mukono yangu."

Akaanza kusema zaburi. "Mama, njo weye ulimujibu. Ufute weye."

Colette akalia kama siku ya mazishi, akabonyeza. Feni zikatulia. Harufu ikaondoka.

Ijumaa mama wa kitanda cha tatu alitoka, akiwa ameshikwa mkono na binti zake. Colette aliwatazama mpaka walipopotea barabarani, akarudi kwake. Mamie, jirani, alimsimamisha kwenye ua.

"Dada, ule bwana mwenye sauti ya polepole ni nani?"

"Bwana gani?"

"Wa mu nyumba yako. Leo anakuita tangu asubui. 'Colette, kuya.'"

Colette aliketi nje mpaka Mamie akaingia kwake na kufunga mlango. Kisha, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda, akatoa ufunguo.