Sura ya Lucien Kwenye Gunia

Nilikuwa nachekecha unga wa bukari, ugali wa kwetu, pale Julie, jirani yetu wa kambi ya reli, alipoingia uani bila hodi.

"Mama Béni, weka ile kitu chini."

"Sema tu. Mikono njo iko na kazi, masikio hapana."

"Treni ya Baba Béni balipiga mabomu, huku Luena. Hakuna mutu alitoka."

Nilimaliza kuchekecha. Watoto wanne wangetaka kula, vita au si vita.

Wiki tatu nyuma, kabla Lucien mume wangu hajaondoka na treni ya askari, nilimnyoa. Wembe ukamkata kidogo nyuma ya sikio. Mama mkwe, mtu wa Kabondo-Dianda, alitufundisha kuchoma nywele za msafiri siku ileile, zisibaki zikimwita. Lakini shemeji yangu Éliézer, mwalimu wa biolojia, aliziomba.

"Yaya," aliniita hivyo, kama dada yake mkubwa, "nywele iko mbolea muzuri."

"Chukua." Kuni zilikuwa chache.

Mvua zilikuwa zimechelewa mwaka wa tatu. Éliézer alichagua nyasi zinazovumilia ukame, akazizalisha ndani ya chupa, akazipanda kwenye gunia lililopakwa udongo wenye zile nywele. Kisha akalitundika ukutani katika chumba cha nyuma na, gizani, akaangaza taa kupitia filamu ya picha ya Lucien. Palipopata mwanga nyasi zikawa kijani. Pasipopata zikabaki njano. Sura ya kaka yake ikaota ukutani. Alitaka kuipeleka kanisani, watu waione ikififia kwa kukosa maji, waelewe kinachotujia.

Baada ya Julie kuondoka nilikwenda kuitoa. Sikutaka watoto wamwone baba yao akinyauka.

Haikuwa imenyauka. Ilikuwa imekolea.

"Ulimwagilia?" nilimuuliza Éliézer, aliyekuwa amenifuata.

Alinong'ona. "Tangu juma ile ilipita, hata tone."

Niligusa shavu. Lilikuwa na joto.

Nilifunga mlango kwa komeo. Nikawasha jiko la mbabula, nikasonga bukari. Jua lilipokuwa linashuka nikasikia maji yakidondoka mle ndani. Hatuna bomba mle.

Nilifungua. Udongo mtupu. Hakuna jani hata moja. Matone yalianzia ukutani, yakapita miguuni kwangu, yakaelekea mezani.

Watoto walikuwa wanashangilia.

Lucien alikuwa ameketi mahali pake, na nguo zake za kazi ya reli. Alitabasamu. Bukari hakugusa. Maji alikunywa kikombe, kikombe kingine, kingine. Éliézer hakuinua macho.

Mira, mtoto wangu wa mwisho, alinivuta kitenge. "Mama, papa iko na harufu ya majani."

"Kula."

Nilipita nyuma ya Lucien na jagi. Wiki tatu, na nywele hazikuwa zimeota hata kidogo. Kidonda cha wembe kilikuwa bado kibichi nyuma ya sikio. Kilitoka maji. Ya kijani.

Nilihesabu. Béni, Sephora, Josaphat, Mira. Éliézer. Mimi. Yeye.

Saba. Wote tupo.

Kikombe chake kilikuwa kitupu. Nikamjazia.