Hema Lililokunjwa

Maiti ya Nzembi Munyiva ilikutwa Jumanne asubuhi kando ya meza ya sampuli, ghorofa ya tatu ya ofisi za forodha, katikati ya Nairobi. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Pembe ya kabati la chuma ilikuwa na damu.

Kwa miaka kumi na tisa, Munyiva ndiye aliyeamua kila bidhaa iingie nchini kwa jina gani la ushuru. Hakuamua kwa kusoma karatasi pekee. Kila sampuli aliifungua, akaipima, akaipiga picha.

Inspekta Wahome aliikagua kamera ya marehemu. Picha ya mwisho, ya Jumatatu saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, ilionyesha hema jekundu la watoto, la kujifyatua, limesimama juu ya meza. Daktari alikadiria kwamba kifo kilitokea kabla ya saa kumi na mbili.

Sasa hema lilikuwa ndani ya mfuko wake wa mviringo, zipu imefungwa.

"Afande, mshukiwa tunaye," alisema Koplo Mercyline. "Veronicah Naliaka, mwenye mzigo wa mahema hayo. Jana mchana alizozana na marehemu mbele ya watu. Kesho tunamfikisha kortini kwa mauaji."

Naliaka alikuwa na duka la vichezeo Dagoretti Corner.

"Ulimwambia nini?" Wahome alimuuliza kituoni.

"Kwamba wiki sita zimetosha! Kontena limekaa tu, yeye bado anauliza kama ni hema au ni kichezeo. Nikamwambia, mama, lala humo ndani, tuone kama miguu haitabaki nje!"

"Akasemaje?"

"Alicheka, Afande." Machozi yakamtoka. "Watoto wangu wako Kabiria. Kesho wataambiwa mama yao ni muuaji?"

Wahome alikuwa ameagiza hema la aina ile ile kutoka dukani. Akalifyatua sakafuni.

"Likunje."

Naliaka alilikandamiza, akalipinda, likamponyoka na kumpiga kidevuni. "Mimi huuza tu. Wateja wakilifungua dukani, mimi humwita Mbuthia, wakala wangu wa forodha, alikunje. Yeye ndiye fundi."

Ken Mbuthia alimpokea Inspekta ofisini mwake, mtaa wa pili. Leseni yake ya uwakala ilikuwa imetundikwa ukutani.

"Marehemu ulimwona lini?"

"Ijumaa. Jana nilitoka hapa saa kumi, nikaenda nyumbani."

Wahome akalifyatua hema juu ya zulia, kisha akampa kisogo na kuanza kuisoma leseni. Mbuthia alianza kumsifu marehemu. Huku akisema, aliinama, akakutanisha kingo, akapinda mara moja, akafunga zipu.

"Hema la Munyiva lilikuwa limesimama," Wahome alisema. "Aliyemuua hakuliiba. Alilirudisha mfukoni, kama wakala anavyoirudisha sampuli kabla ya kutoka."

"Wanaojua kukunja ni wengi, Afande."

"Alama za vidole ulizoacha kwenye mfuko huu zitalinganishwa na za mfuko ule."

Mbuthia aliketi taratibu.

"Mikono ilifanya yenyewe," alisema. "Mama wa watu amelala pale, mimi nakunja hema."

"Mligombania nini?"

"Barua. Mwaka jana, kwa mzigo kama huu, nilighushi sahihi yake kwenye uamuzi wa ushuru. Jana aliiweka mezani. 'Ken, hii si sahihi yangu. Kesho naandika ripoti.' Miaka ishirini nina leseni safi! Kanisani wananiita mzee. Nilimshika mkono nikimsihi, akajinasua, nikamsukuma."

"Ukamwacha Naliaka ashikwe."

Mbuthia alilisukuma hema mbali na miguu yake.

"Ulighushi kwa nini?"

"Alikuwa mkali. Nilijua angesema ni hema, na ushuru wa hema ni mkubwa kuliko wa kichezeo."

Wahome alitoa karatasi iliyopatikana kwenye droo ya marehemu, akaisoma kwa sauti. "'Halina vigingi. Halizuii mvua. Halimtoshi mtu mzima. Uamuzi: kichezeo.' Alitia sahihi jana saa kumi na moja na nusu."

"Hakuniambia."

"Ulimsihi afiche uhalifu wako. Hukumuuliza ameamua nini."

Alimtia pingu, kisha akampigia Koplo simu.

"Mtoe Naliaka seli. Mwambie pia kwamba mzigo wake umeamuliwa."