Harufu Katika Chumba cha Bibi Emiliana

Godfrey na mkewe Loyce walijenga nyumba yao Mkata, nyuma ya barabara kubwa. Godfrey alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi. Loyce alikaanga maandazi na kuyauza pale mabasi yanaposimama. Nyumba yao ilikuwa na vitu ambavyo nyumba nyingi za jirani hazikuwa navyo: bafu la ndani na sinki la kuoshea vyombo. Walijivunia vitu hivyo.

Mwezi wa tatu mama yake Godfrey, Bibi Emiliana, alipata kiharusi kwao Vugiri. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi. Godfrey alimteremsha kutoka milimani, akampa chumba kilicho jirani na bafu.

"Hapa ni karibu, mama," alimwambia. "Tutakuogesha bila kukutoa nje."

Bibi Emiliana alikuwa mtu wa usafi sana. Hata kwenda shambani alivaa kitenge kilichopigwa pasi. Sasa alilala tu, akigeuzwa na mkwewe. Lakini hakukosa wageni. Akina mama wa jumuiya ya kanisani walikuja kila Jumatano. Walikaa kitandani kwake, wakasali, wakamchekesha.

Mwezi wa tano maji ya bafuni yalianza kuchelewa kushuka. Loyce aliyasukuma kwa fagio mpaka yakaenda. Siku nyingine yalibaki mpaka mchana. Kisha harufu ikaanza, harufu ya mayai viza. Ilikuwa nzito zaidi chumbani kwa mgonjwa.

Wageni walianza kusimama mlangoni.

"Shikamoo bibi. Tumekuja kukusalimia tu, tunawahi," walisema, na mitandio puani.

Jumatano moja Bibi Emiliana aliwasikia wakiongea nje, chini ya dirisha lake.

"Ameharibika mgongo," sauti moja ilisema. "Akilala sana, mwili unaoza. Maskini."

Jumatano iliyofuata hakuja mtu.

Siku ile Loyce alimletea uji. Bibi Emiliana aligeuza uso ukutani.

"Kunywa kidogo, mama."

"Loyce, usinifiche. Nimeoza?"

"Hapana, mama! Nani kasema?"

"Pua ninayo. Kiharusi hakikuchukua pua." Machozi yalishuka upande mmoja wa uso, upande ule wenye uhai. "Usinipe chakula. Nikila, nachafuka. Nikichafuka, nanuka zaidi. Niache."

Loyce alimfunua mgongo akautazama kwa makini. Hakuona kidonda. Lakini harufu ilikuwepo. Hakuweza kusema haipo. Na yeye pia alianza kuwa na shaka. Akaanza kumwogesha mama mkwe mara tatu kwa siku, kwa sabuni na maji mengi. Alifua mashuka asubuhi, akafua tena mchana. Maji yote hayo aliyamwaga bafuni.

Kadiri alivyoosha, ndivyo harufu ilivyozidi.

Bibi Emiliana alikonda. Mifupa ya mabega ilitokeza. Godfrey alikuwa akirudi kazini, anasimama mlangoni, anamtazama mama yake, kisha anatoka nje. Loyce alimkuta mara moja nyuma ya nyumba, ameshika kichwa.

"Nimemleta mama yangu hapa anifie kwa aibu," alisema.

"Basi fanya kitu, Godfrey. Hata bafu lenyewe limeziba."

Godfrey alikwenda dukani akanunua dawa kali ya kuzibulia mabomba, ile ya asidi. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, aliimimina yote kwenye tundu la bafu. Hakumwambia mkewe.

Baada ya saa moja Loyce aliingia bafuni na dawa ya kuondoa madoa kwenye nguo nyeupe. Alitaka kuua harufu. Akaimwaga kwenye tundu lile lile.

Mvuke ulipanda. Macho yalimwaka. Kifua kilibana kama kimefungwa kamba. Alirudi nyuma akikohoa, kisha akamkumbuka mama mkwe. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Bibi Emiliana alikuwa anakohoa, na hakuweza hata kujigeuza.

Loyce alishika godoro kwa mikono miwili akaliburuta, na mgonjwa juu yake, mpaka uani. Hapo ndipo alipopiga kelele.

Jirani yao Mwatumu alikuja mbio. Mwatumu alikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Alimwinua Bibi Emiliana akamkalisha penye hewa.

"Umemwaga nini, Loyce?"

Loyce alimwonyesha chupa. Mwatumu alichungulia mlangoni huku amejifunga kitambaa, akaona kopo la asidi pembeni, akarudi haraka.

"Mtu asiingie humo! Dawa hizi mbili zikikutana zinatoa hewa ya sumu. Zinaua watu, Loyce. Ungechelewa kidogo, tungekuwa tunaongea mengine sasa."

Walimkimbiza Bibi Emiliana kituo cha afya kwa bajaji. Loyce naye alipimwa. Mchana wote mgonjwa alipumua kwa shida. Jioni mganga akaruhusu aondoke, lakini asirudi kwenye nyumba ile mpaka hewa itoke.

"Atakaa kwangu," alisema Mwatumu.

Kwa Mwatumu, Bibi Emiliana aliogeshwa, akapakwa mafuta, akalazwa karibu na dirisha. Mwatumu alimkagua mgongo, visigino na nyonga. Kisha akainamisha kichwa, akanusa bega lake.

"Usinisogelee, mwanangu," Bibi Emiliana alisema. "Nitakuchafulia nyumba."

"Bibi, hebu nusa mwenyewe. Nusa hapa ndani."

Bibi Emiliana alifumba macho. Alivuta hewa taratibu. Akainua mkono wake mzima, akaunusa kuanzia kiganja mpaka kiwiko. Akanusa shuka.

"Nasikia sabuni," alisema.

"Na kingine?"

"Vitunguu. Mnapika."

"Basi. Kama wewe ndiye unayenuka, mbona harufu hukuja nayo? Imebaki kule. Inatoka kwenye bomba, bibi. Haikutoka kwako hata siku moja."

Bibi Emiliana alilia kwa muda mrefu, kama mtoto aliyepigwa kwa kosa la mwingine. Loyce alikaa sakafuni karibu na kitanda, akauficha uso kwenye kanga yake. Wiki sita alikuwa amemsugua mama huyu ngozi nusura ichubuke.

Siku ya pili, hewa ilipokwisha kutoka, Godfrey alimleta Awadhi, fundi bomba. Kwanza alimweleza dawa zilizomwagwa. Awadhi alivaa glovu ndefu na miwani ya kazi. Akamwaga maji mengi, akangoja. Kisha akafunua chemba, kile kisanduku cha saruji kilichoko chini ya dirisha la Bibi Emiliana, mahali mabomba ya bafu na sinki yanapokutana.

Ndani mlikuwa na kitu cheupe, kigumu, kikubwa kama kichwa cha mbuzi.

"Nini hicho?" Loyce aliuliza.

"Mafuta yako ya maandazi, shemeji. Ukiyamwaga ya moto, yanapita. Yakifika humu yanapoa, yanaganda. Kisha yanashika unga, nywele, nyuzi za matambara. Kila siku kidogo. Angalia, kuna hata kipande cha shuka."

Loyce alikitambua kile kipande. Kilikuwa cha maua ya bluu.

"Maji uliyokuwa unamwogeshea mgonjwa hayakuwa na pa kwenda," Awadhi aliendelea. "Yalikaa hapa, yakaoza, chini ya dirisha lake. Kila ulipoongeza maji, ulikoroga uozo."

Godfrey alichukua koleo akaelekea kwenye shimo la maji taka nyuma ya nyumba. "Na huku nitaingia nikalisafishe leo leo," alisema.

"Weka koleo chini!" Awadhi alifoka. "Kijana niliyefanya naye kazi Korogwe aliingia kwenye shimo kama hili, akaanguka. Mwenzake akamfuata kumwokoa, akaanguka naye. Tuliwatoa wote wawili wamekufa. Hewa ya humo huioni. Shimo likijaa, unaita gari la kunyonya. Mtu haingii."

Godfrey aliweka koleo chini. Alikaa juu ya tofali.

Kazi ilichukua siku nne. Awadhi hakutumia dawa. Alizibua bomba kwa waya mrefu unaopinda, akiusukuma na kuuzungusha, huku Godfrey akimimina maji. Alipofukua bomba aliona kosa lingine. Fundi wa kwanza alililaza sawasawa na ardhi.

"Maji yanataka mteremko," alisema. "Kidogo tu, lakini mpaka mwisho. Bomba likilala, uchafu nao unalala."

Akalilaza upya. Kisha akamwita Loyce bafuni, akamwonyesha kipande cha bomba kilichopinda kama goti.

"Hiki hamkuwa nacho. Tundu lenu lilikwenda moja kwa moja mpaka shimoni, kwa hiyo hewa ya shimo ilipanda ndani. Hapa kwenye goti maji yanabaki siku zote. Yale maji ni mlango. Harufu ikija inagonga, hairuhusiwi kupita."

"Na tukisafiri? Maji si yatakauka?"

"Umeuliza vizuri. Mkirudi, mwaga nusu ndoo. Mlango unafungwa tena."

Aliweka chujio kwenye tundu la bafu na jingine kwenye sinki. Kwenye shimo alisimamisha bomba refu la kutolea hewa, lenye wavu juu wa kuzuia nzi.

"Na mafuta nimwage wapi?" Loyce aliuliza.

"Yasiyofaa tena yaache yapoe. Tia kwenye kopo, funika, tupa na takataka. Karai lipanguse kwa karatasi kabla ya kuliosha. Chujio safisha kila siku. Bomba likianza kuchelewesha maji, usingoje harufu. Niite, au chukua waya uzibue. Dawa kali weka mbali, na usichanganye kamwe."

Bibi Emiliana alirudi chumbani kwake siku ya saba. Mwatumu alikwenda mwenyewe kwa wale akina mama wa jumuiya, nyumba kwa nyumba, akawaeleza. Jumatano walikuja wote. Hakuna aliyesimama mlangoni. Mmoja alipiga magoti kando ya kitanda. Bibi Emiliana alimshika mkono.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Kaa hapa karibu."

Siku ile alikula ndizi nyama, sahani ndogo, akaimaliza.

Lakini mwili ulikuwa umeshachoka. Zile wiki alizokataa chakula zilimpunguza, na kiharusi cha pili kilimkuta hana nguvu. Alifariki mwezi wa nane, mchana, Loyce akiwa anamchana nywele. Chumba kilikuwa kimejaa watu. Walimpandisha Vugiri, wakamzika kwenye ardhi yake yenye ukungu.

Loyce hakuacha kujilaumu. Mwatumu alimwambia hakujua, na ni kweli hakujua. Bado aliamka asubuhi na jambo hilo moyoni. Alisafisha machujio, akafunika kopo la mafuta, akaenda kukaanga maandazi yake.

Mwezi wa kumi alisikia kuna mzee mgonjwa Misima, baba yake Grasiana, mwanamke aliyemuuzia mihogo. Loyce alikwenda kumjulia hali. Wageni watatu walikuwa wamesimama uani, mbali na mlango, mikono puani.

Loyce aliwapita. Aliingia ndani, akaketi kitandani kwa mgonjwa, akamshika mkono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Usikae karibu, mama. Mimi nanuka."

"Ngoja kwanza, mzee," Loyce alisema. Hakuuachia ule mkono. Akamgeukia Grasiana. "Maji mnayomwogeshea baba, yanakwenda wapi?"