Kabichi Kumi na Mbili za Mama Raheli

Kila asubuhi Raheli alitoka nyumbani na vitu viwili. Begani alibeba mfuko wa madaftari. Mkononi alibeba ndoo ndogo ya njano.

Raheli alikuwa mwanafunzi wa darasa la tatu. Kabla ya masomo kuanza, yeye na wenzake walishuka bondeni kuchota maji ya shule. Kilima kilikuwa kikali. Mara nyingi waliporudi, somo la hisabati lilikuwa limekwisha.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha. Yusta, mama yake Raheli, alikuwa akipita karibu na shule na mzigo wa karoti kichwani. Alijikinga barazani. Aliona maji yakimwagika kutoka kwenye bati la madarasa. Yalikata uwanja, yakateremka bondeni. Wakati huohuo Raheli alikuwa akipanda kutoka bondeni na ndoo yake, amelowa chapachapa.

Yusta alianza kucheka.

"Maji yanakuja yenyewe mpaka shuleni," alijisemea. "Tunayaacha yaende bondeni, halafu tunawatuma watoto wakayarudishe!"

Jioni, wakati wa chakula, alimweleza mume wake, Mika.

"Mwambie mwalimu mkuu," Mika alisema.

"Nimemwambia. Anasema jambo hilo liamuliwe na Kamati ya Shule. Na sisi wa kitongoji cha juu hatuna mjumbe tangu Mzee Idrisa ahamie kijiji cha Mnazi. Jumatano wazazi watamchagua mwingine."

"Basi gombea wewe."

"Mimi, Baba Raheli? Mimi nimeishia darasa la saba."

"Kwani wajumbe wanafanya mtihani?"

"Na siku za vikao nani atapika?"

Mika alitazama sufuria. "Nitapika mimi. Ila msiniulize ni chakula gani."

Raheli alicheka mpaka tonge likamtoka mkononi.

Kesho yake Yusta aliandikisha jina lake kwa mwalimu mkuu. Hapo alikuta jina la Zuberi limetangulia. Zuberi alikuwa fundi wa kupaua nyumba. Kila mtu alimpenda kwa mizaha yake. Yusta akaingiwa na hofu.

Huko milimani, mtu mwenye ombi haingii nyumba ya mwenzake mikono mitupu. Hivyo ndivyo Yusta alivyolelewa. Jumamosi alikata kabichi kumi na mbili, kubwa na ngumu, akazipeleka katika nyumba kumi na mbili. Katika kila mlango alisema, "Nimewaletea mboga. Jumatano mnikumbuke kwenye kura."

Nyumba kumi na moja zilipokea na kushukuru. Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa ya Bi Sharifa, mshonaji wa nguo. Wajukuu zake walikuwa wamesoma shuleni hapo, naye aliwahi kuwa mjumbe wa kamati kwa miaka sita.

"Shikamoo, Bi Sharifa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na kabichi, au kabichi imekuja na wewe?"

Yusta alicheka, akaeleza ombi lake. Bi Sharifa alisimamisha cherehani.

"Hii rudi nayo," alisema kwa upole.

"Nimekukosea, Bi Sharifa?"

"Hujanikosea mimi. Umejikosea mwenyewe. Ukinipa mboga kwa ujirani, hiyo ni zawadi. Ukinipa mboga ili nikupe kura, hiyo ni rushwa."

"Rushwa? Kabichi?"

"Hata jani moja la kabichi. Mzazi anatakiwa achague kwa kupima maneno yako na kazi zako. Ukishamlisha, anaona haya kukukataa. Hapo hachagui tena, analipa."

Yusta aliketi juu ya kigoda. Macho yake yalijaa machozi. "Basi niondoe jina langu?"

"Uondoe kwa nini? Wewe una jambo la kusema. Rudi nyumba zote kumi na moja. Waambie ombi lako umelifuta. Kisha fanya kazi ya mjumbe."

"Kazi ipi? Mimi bado si mjumbe."

"Kusikiliza. Mjumbe haendi kuwaamrisha walimu. Anasikia shida za wazazi, anazifikisha kwenye kikao, kisha anawarudishia wazazi majibu. Uliza kila nyumba: shuleni kuna tatizo gani? Halafu ufunge mdomo wako."

Jumapili, baada ya ibada, Yusta alirudi katika nyumba zile. Miguu ilikuwa mizito. Alianza kwa jirani yake, Modesta.

"Kabichi ile nilikosea kuichanganya na kura," alisema. "Mchague yule mnayemwamini."

"Mama Raheli, tumeshaila!" Modesta alisema. "Sasa tufanyeje?"

"Nawatakia iwashibishe. Haidai kitu."

Modesta aliangua kicheko, na Yusta naye akacheka. Kisha akauliza swali la Bi Sharifa, akafunga mdomo. Modesta alieleza kwamba mwanawe hanawi mikono anapotoka chooni, kwa sababu maji hayatoshi. Katika nyumba nyingine, Stephano alisema ana mawe mengi shambani na hajui ayapeleke wapi. Yusta alisikiliza mpaka jua likazama. Alirudi nyumbani amechoka, lakini moyo wake ulikuwa mwepesi.

Jumatano wazazi walijaa darasani. Mwalimu mkuu alieleza utaratibu. Kila mgombea angesema maneno machache. Kisha kila mzazi angeandika jina moja kwa siri, na kura zingehesabiwa mbele ya wote.

Zuberi alianza. "Ndugu wazazi, kwanza nina malalamiko. Nyumba kumi na mbili zimepelekewa kabichi. Kwangu haikufika hata moja! Mimi sina meno?"

Darasa zima lilicheka. Yusta aliona joto usoni. Zamu yake ilipofika, alisimama taratibu.

"Zuberi amesema kweli. Nilipeleka kabichi kuomba kura. Lilikuwa kosa, na nimerudi kila nyumba kulifuta. Lakini niliporudi nilisikia mengi. Watoto wetu wanakosa hisabati kwa ajili ya maji. Wanatoka chooni bila kunawa. Na mvua inaangukia bati letu bure. Mkinichagua, nitapeleka kamatini mpango wa mifereji ya bati na tangi. Majibu nitawaletea hapahapa, yawe mazuri au mabaya. Basi."

Aliketi.

Karatasi zilikunjwa, zikakusanywa. Mwalimu mkuu alizifungua moja moja na kusoma majina kwa sauti. Zuberi alipata kura thelathini na moja. Yusta alipata thelathini na nane.

Akina mama walipiga vigelegele. Mtu wa kwanza kumpa mkono Yusta alikuwa Zuberi.

"Kura umenishinda," alisema. "Lakini mifereji ya bati hutaniweza. Hiyo nitafunga mimi."

Na kweli aliifunga. Kamati ilipokea mpango, na mkutano wa wazazi ukaukubali. Kwa siku tatu watu walikutana kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Stephano alitoa mawe yake. Wanawake walibeba mchanga. Mika alipika chakula cha wote, na kwa heshima hakuna aliyeuliza ni chakula gani. Tangi lilisimama kando ya madarasa. Mvua ya kwanza iliponyesha, watoto walikimbia kulisikiliza likijaa.

Asubuhi iliyofuata Raheli alitoka na mfuko wake begani na ndoo mkononi.

"Wewe Raheli, ndoo ya nini?" mama yake aliita.

Raheli aliitazama ndoo, akacheka. "Nimezoea, mama."

"Basi isiende tupu." Yusta alikata kabichi moja nene, akaiweka ndani ya ndoo. "Mpelekee Bi Sharifa, kisha uwahi hisabati."

Baada ya muda mfupi Raheli alirudi mbio hadi kwenye ua.

"Mama! Bi Sharifa anauliza, kabichi hii ina ombi gani?"

"Mwambie haina ombi lolote."

Raheli aligeuka, akapaza sauti kuelekea nyumba ya Bi Sharifa, ng'ambo ya ua. "Haina, bibi!"

"Basi leta ndani!" Bi Sharifa alijibu.